Kijiti cha Mwaka Jana

Miaka kumi na mmoja nilifundisha Limuru,
nikavaa sweta mbili, nikauzoea ukungu,
na ua moja kubwa kama kichwa cha mtoto,
haidrenjia, buluu ya wino wa shule.

La jirani lilichanua. Langu halikuchanua.
Kila Desemba nililikata kwa mkasi,
shina baada ya shina, sawasawa,
kama mama alivyokata asumini yetu Lamu
siku tatu baada ya Maulidi,
na asumini ikamjibu kwa kumwaga.

Mwaka wa tatu Mama Nyokabi
akachungulia juu ya seng'enge:
"Mwalimu, unakata watoto.
Hilo hubeba mimba kwenye kijiti cha mwaka jana.
Toa kilichokufa tu, kile kinacholia kau."
Nikauweka mkasi.
Mwaka uliofuata niliona buluu mpaka nikaona haya.

Nilipostaafu sikuchagua kwa rangi.
Nilizunguka nyumba za walimu nikiuliza
lipi lilichanua hata mwaka ule wa sakitu,
chai ilipoungua mashambani.
Mrembo wa mwaka mmoja hanifai.
Nikapata moja, nyuma ya choo cha mwalimu wa hesabu,
nikakata vipandikizi vitatu, nikavifunga gazeti bichi,
nikavipakata ndani ya basi hadi Mokowe.

Lamu ilivipokea kwa jua la saa saba.
Kimoja kilikufa Ijumaa, kimoja Jumanne.
Cha tatu nilikiweka kiwandani mwa nyumba, nyuma ya birika,
ambapo ukuta wa matumbawe huruhusu jua la asubuhi tu,
nikakipa samadi ya punda iliyolala miezi sita
na maji ya mvua. Ya kisima chetu yana chumvi.

Dada yangu Bi Muze, afungaye vikuba vya maarusi,
alikitazama wiki nzima.
"Jani," akasema. "Umesafiri na jani."

Nilijua lataka baridi ndipo litunge.
Nikamwendea Badi wa samaki,
nikanunua barafu: vipande viwili kila alfajiri
juu ya udongo wake, Julai nzima.
Watoto wa Langoni wakanibatiza Mwalimu Barafu.
Hata imamu alitabasamu.

Ilichukua miaka minne. Ua moja,
dogo kuliko kiganja, wala si buluu:
waridi, rangi ya ufizi,
maana chokaa ya kuta hizi hushuka hadi mizizini
ikampaka kila mgeni rangi yake.
Bi Muze alilinusa. "Halinuki."
Kisha akaleta kigoda, akakaa nalo mpaka magharibi.

Mwaka wa tano likatoa mawili. Wa sita, mawili.
Nikaanza kusema "kila mwaka",
neno la kujitafutia balaa.

Maulidi haya nilikuwa hospitali, goti.
Twaha, mwana wa marehemu kaka,
akanisafishia kiwanda: asumini, mrehani,
mkomamanga, haidrenjia, vyote kimo kimoja,
kama foleni ya darasa la pili.
"Shangazi, waonaje?"
Jasho lilikuwa limemlowesha shati.
"Pamenyooka," nikasema.

Wiki ya tano asumini imemshukuru, vitumba vyeupe mpaka juu.
Lile jingine limenyamaza.

Leo, nikichota maji, nimeona kijiti alichokisahau
nyuma ya birika, kirefu kama penseli,
kina macho mawili.
Nimekifunga uzi mwekundu wa vikuba.
Nimemwita Twaha, nimemtia mkasi mkononi,
nikamwonyesha mahali pa kutokata.
Amekaa kimya, kisha akauliza
kama asumini nayo imeumia.
Hapana, baba. Kila mti na mkasi wake.

Kesho nitamwona Badi.
Nasikia barafu imepanda.